Kindle Yako Haijaanguka, Imebanwa

Juzi dada mmoja msomaji wangu amenitumia picha ya Kindle yake, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Nusu ya juu ukurasa umeganda, nusu ya chini ni mistari mitupu. "Kaka, naapa haijaanguka," ameandika. Namwamini. Mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya aliyeniuzia ile yangu ya kwanza, akaigeuzageuza, akanirudishia: "Umeikalia hii." Miaka imepita, neno lile bado linaniuma, maana sikuikalia.

Nilipanda basi la mwendokasi Kimara, Dar es Salaam, asubuhi, begi nimelikumbatia kifuani, watu wamejaa hadi mlangoni. Ndani ya begi, Kindle ilikuwa imegusana na kichwa cha chaja. Ule msukumano ukatosha. Kushuka Kivukoni naifungua, mistari.

Jambo ambalo muuzaji hakutaka kulisikia ni hili: kwenye Kindle nyingi, chini ya ule uso tunaougusa kuna bamba jembamba sana la kioo linalobeba wino wa kielektroniki. Bamba hilo hupasuka kwa kugandamizwa sehemu moja, huku uso wa juu ukibaki laini bila mkwaruzo. Ndiyo maana protekta haisaidii hapa, wala kifuko cha kitambaa. Hivyo vinazuia mikwaruzo tu. Na ile nusu iliyoganda si programu iliyokwama. Wino huo hubaki pale ulipo hata bila umeme, kwa hiyo kuzima na kuwasha hakutairudisha.

Tangu hapo natembea na kava gumu linalofunika mbele na nyuma, na Kindle inakaa katikati ya laptopu na daftari la jalada gumu. Chaja, funguo na pawabenki vina mfuko wao mbali. Ninayotumia sasa imepita kwenye misongamano ile ile na kioo chake ni kizima, najivunia hilo.

Ndugu zangu, tuheshimu vyombo vyetu vya kusomea. Simu unaivalisha kava siku ya kwanza, halafu maktaba yako nzima unaitupia pamoja na kontena la chakula! Kava gumu. Narudia, kava gumu, na kitu chenye ncha kisiikaribie.

Na wewe dada, fundi akutajie bei ya kioo kabla hajaifungua, maana kimegandishwa kwa gundi na mara nyingi gharama hukaribia ya Kindle mpya. Ikiwa hivyo, hela hiyo nunulia mpya, na kava siku hiyo hiyo.