Jibu: Je, lazima ujue historia kwanza?

Umeuliza kama asiyejua historia anaweza kufurahia riwaya za vijana za fantasia zinazotokea enzi za kale. Anaweza, tena sana. Mimi nilianza bila hata kujua ufalme wa kale wa Kush ulikuwa wapi.

Kinachozinogesha ni kwamba watu wa kale wenyewe waliishi na miujiza. Wamisri waliamini moyo wa marehemu huwekwa kwenye mizani, upande wa pili unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli. Ukizidi uzito, Ammit mwenye kichwa cha mamba anaumeza. Mwandishi hapo hana haja ya kubuni zimwi! Anamsimamisha tu binti wa miaka 15 mbele ya mizani ile, ana uongo kifuani, na wewe hulali. Umri huo mdogo nao usikushangaze: Farao Tutankhamun wa Misri alitawazwa akiwa na miaka kama 9, akafa akiwa na 19 hivi.

Ramani ya mwanzoni mwa kitabu iruke, utairudia mwenyewe. Ila ukiona Waroma wa kale wanakula nyanya, ujue mwandishi kasinzia; nyanya zilitoka Amerika, Ulaya zikafika karne ya 16.