Mzee wako usimpe Nagona kabla hujamuuliza swali moja

Mkuu, hiyo Nagona usimpe mzee. Nakuomba.

Umeandika kwamba uko katikati ya Nagona, riwaya ya Kezilahabi, imekunyima usingizi, na sasa unataka kumnunulia nakala baba yako aliyestaafu reli ili "naye aonje". Kisha tukuongezee vitabu vitano na tukuelekeze duka la bei nafuu. Nimesoma hayo moyo ukanipiga paa, maana ndicho nilichomfanyia baba yangu, na kilitugharimu miaka miwili.

Baba alifanya kazi bandari ya Tanga, kwenye matishari, yale mashua ya kupelekea mizigo melini, enzi za marobota ya mkonge. Alipostaafu akaanza kusoma. Kwanza magazeti, mpaka matangazo ya minada. Halafu akaokota mahali riwaya moja ya upelelezi, imeng'oka jalada, akaimaliza barazani kwa siku tatu. Siku ya tatu akanipigia simu: "Una kingine?" Mkuu, baba yangu hakuwa mtu wa kuomba kitu kwa watoto.

Badala ya kumpelekea kingine cha namna ileile siku hiyohiyo, nikaenda kutafuta ushauri. Kwenye kikundi chetu cha kusoma kulikuwa na jamaa mmoja ambaye kila mtu alimsikiliza. Akaniambia kumpa mtu mzima riwaya za upelelezi ni kumdharau, mpe fasihi yenyewe, mpe Nagona, tena ni kijitabu chembamba hakitamchosha. Chembamba! Hakuniuliza baba anapenda nini. Hakuniuliza alisoma mpaka wapi, wala macho yake yakoje. Hasira yake ninayo hadi leo. Mtu wa aina hii anakupendekezea kitabu ili ujue kwamba yeye amekisoma, na wewe unatoka hapo ukijiona umepata ushauri.

Kwa ambao hawajaisoma: Nagona ilitoka 1990, na haina kisa cha kuanza hapa kikaishia pale. Unatembea kama ndani ya ndoto, watu wanaibuka na kupotea, wanafalsafa wa Ulaya nao wamo, swali linazaa swali. Naipenda, nimeirudia mara tatu, msinirukie. Ila mimi niliifikia baada ya kusoma vingi vya kunitayarisha. Baba alitoka kwa mpelelezi anayefukuza wauaji, nikamtumbukiza humo bila hata kumwambia kuna nini.

Nilipokwenda nyumbani baada ya mwezi nikakikuta kitabu chini ya redio, kipande cha risiti ya luku kimechomekwa ukurasa wa 9. Miwani imefungwa kwenye leso, imewekwa kabatini. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu taratibu, haniangalii: "Kichwa changu kimechoka, mwanangu. Mstari mmoja nausoma mara nne, siupati. Hizi ni kazi zenu mliosoma."

Mzee aliamini akili yake ndiyo imeisha. Nikamwambia kitabu ni kigumu hata kwa walimu, akatikisa kichwa tu, akaona namfariji. Miaka miwili hakusoma tena. Hata gazeti akawa anamwachia mjukuu amsomee, na mjukuu mwenyewe anaruka maneno.

Kilichomrudisha ni Kuli ya Shafi Adam Shafi, ya 1979, habari za makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Safari hii sikusema neno la kusifia. Nilimsomea ukurasa mmoja jioni, nikakiacha mkekani, nikaenda kulala. Wiki iliyofuata simu ikaita saa nne usiku: "Huyu mwandishi amebeba mizigo kweli, au amesimuliwa?" Akanieleza nusu saa nzima jinsi wao Tanga walivyokuwa wakishusha robota kwenye tishari bahari ikichafuka. Nilikaa kitandani nasikiliza, machozi yananitoka.

Kwa hiyo muulize mtu kitabu cha mwisho ALICHOKIMALIZA. Alichonacho kabatini kisikudanganye, wala anachokisifia. Alichokimaliza. Kisha mtafutie kinachopakana nacho, hatua moja tu mbele. Akikwambia hajamaliza chochote tangu shule, muulize kazi aliyoifanya ujanani, uanzie hapo. Na kabla hujalipa, mpe asome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Akirudia sentensi mara mbili, kirudishe kwenye rafu, kitasubiri.

Baba sasa ana Vuta N'kuvute, riwaya nyingine ya Shafi huyohuyo, na amenikataza kabisa nisimwambie Yasmini, mhusika wake mkuu, anaishia wapi.

Duka na bei tutaongea baadaye. Mpigie mzee leo, umuulize, halafu rudi hapa uandike alichokujibu.