Nilimwekea komba ndizi, wakaja kima: nifanyeje?

SWALI: Nimestaafu ualimu, na huu ni mwaka wa pili naishi Diani, nyumba ya safu ya kwanza ufukweni. Komba wawili walikuwa wakija barazani usiku, nikaanza kuwawekea ndizi kwenye sahani. Mjukuu wangu akawa halali mpaka awaone. Tangu mwezi uliopita wameingia kima: wanafungua mlango wa jikoni, wanabeba mkate, na juzi mmoja amemkenulia meno mtoto. Mwanangu akafunga taa kali za bustanini na za kuelekea pwani, eti ziwafukuze. Kima hawana habari nazo, ila komba ndio hawaonekani tena. Nifanyeje niwapate komba bila kima? Na nikiacha kuwalisha, si watakufa njaa?
— Mwalimu mstaafu, Diani

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Kwanza mtoto. Kama yule kima alimng'ata au alimkwaruza hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa ajili ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Kama yamepita masiku, aende leo. Kama alitishwa tu, tuendelee.

Hawatakufa njaa. Komba wa kwetu, yule mkubwa ambaye kwa kawaida hata kilo moja hafiki, anaishi kwa matunda ya porini na wadudu, na bustani ya Diani haijawahi kukosa panzi. Ndizi yako kwake ilikuwa kama halua kwa mtoto: anaifurahia, lakini si chakula kilichomkuza.

Kilichotokea kwako nimekiona kwenye nyumba nyingi. Komba wanakula usiku, hawamalizi. Alfajiri kwenye sahani pamebaki maganda na vipande viwili vitatu. Kima wanaamka na jua, wanapita juu ya miti kama kawaida yao, mmoja anaona. Kesho anarudi na wenzake. Keshokutwa sahani ni tupu, basi anachungulia dirishani kuona hizo ndizi zinatoka wapi. Meza uliwaandalia wa usiku, wakaikalia wa asubuhi.

Kwa hiyo ndizi ziishe leo, zote, wala usipunguze kidogo kidogo. Nakuonya mapema: wiki ya kwanza na ya pili watazidi. Watapiga mabati, watakaa dirishani wanakutazama kana kwamba una deni lao. Ukilegea siku ya kumi ukawarushia kipande, umewafundisha kwamba subira inalipa, na utaanza upya. Waeleze na majirani, maana kundi moja la kima linazungukia viwanja vingi, na nyumba moja inayolisha inatosha kuharibu mtaa mzima.

Wakati huo jikoni pazibwe. Kitasa cha kubonyeza chini kima anakifungua kirahisi kuliko mgeni wako; weka komeo la kuzungusha kisha kusukuma. Wavu wa mbu wa plastiki ni mchezo kwake, madirisha ya jikoni yanataka wavu wa chuma. Pipa la taka lifungwe kwa mpira mzito juu ya kifuniko. Mapapai na mapera yachumwe yakianza tu kubadilika rangi, yaivie ndani. Akishaiba mkate, mwachie, usimnyang'anye. Na mjukuu aelezwe kwamba kumcheka kima meno nje huku unamkazia macho ni kumtangazia ugomvi, hata kama yeye anaona anatabasamu. Manati sishauri. Ukimvunja mguu mmoja utabaki na kilema asiyeweza kujitafutia, na huyo ndiye atakayeshinda jikoni kwako.

Kama wanapita mbega (Wadigo wanawaita kuluzu), hao hawana kosa. Wanakula majani, tumbo lao lina vyumba vya kuchachusha majani, na mkate au matunda matamu yaliyoiva yanaweza kuwaumiza vibaya. Kwa Kenya, mbega wa aina hii wapo Kwale tu. Zile ngazi za kamba zilizoning'inia juu ya barabara ya Diani wamewekewa wao na wenzao ili wavuke bila kugongwa. Matawi yanayogusa nyaya za umeme kwenye kiwanja chako waite wa shirika la umeme wayakate. Waya usiofunikwa unawaua.

Sasa taa za mwanao. Nia yake njema, lakini kima ni wa mchana, taa ya usiku inamhusu nini? Aliyefukuzwa ni komba, mwenye macho makubwa yaliyoumbwa kwa giza. Na zile za kuelekea pwani zina madhara makubwa zaidi. Kasa jike anayepanda kutaga akikuta mwanga mkali huweza kurudi baharini bila kutaga. Mayai yakikaa mchangani takriban siku 60, vitoto hutoka usiku na kukimbilia upande wenye mwanga zaidi. Kwa asili upande huo ni bahari. Ukiwasha taa, upande huo unakuwa baraza lako, na asubuhi kunguru na kaa wanakula walichokikuta. Zima za pwani kabisa. Kama lazima ubaki na moja kwa ajili ya mlinzi, iwe chini ya kiuno, yenye kofia, ya rangi ya kaharabu, na ya kuwaka mtu akipita tu. Ukiona nyayo za kasa zimepanda mchangani kama njia ya trekta dogo, usichimbe. Wapigie KWS (shirika la serikali la wanyamapori) au kikundi cha kulinda kasa kilicho karibu nawe.

Badala ya sahani, panda. Mkwaju, mkuyu, mbambakofi, mtondoo. Mwarobaini usiongeze, umeshajaa kwenye misitu yetu ya pwani na kuisonga miti ya asili. Na kama kiwanjani una mbuyu, una bahati. Ua la mbuyu hufunguka jua likizama, jeupe, kubwa kama kiganja, na kesho yake limenyauka. Usiku huo mmoja hujia popo, na komba pia. Nimewahi kukaa chini ya mbuyu mmoja Msambweni nikamwona komba ametumbukiza uso mzima ndani ya ua, akatoka na chavua puani, akakojoa kiganjani, akajisugua nyayo (ndivyo wanavyoacha harufu yao kwenye matawi), kisha akarukia tawi la pili. Watu husema mlevi kama komba kwa sababu ya kupenda tembo la mgema. Usiku ule alilewa maua.

Ukimkuta kinda la komba peke yake tawini, liache. Mama yake amelipaki hapo akienda kutafuta, atarudi. Kulichukua ukalilea nyumbani ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013.

Kuwatazama, funika tochi yako kwa karatasi nyekundu ya nailoni, ile ya kufungia zawadi. Rangi hiyo haiwasumbui sana. Kaeni barazani tangu magharibi, migongo ukutani, simu zimezimwa. Msimulike machoni. Elekezeni mwanga pembeni ya tawi na msubiri yale makaa mawili yawake. Wapeni kama mwezi mzima tangu taa zizimwe. Mjukuu alale mchana.