Tahajudi na presha ya wazee: majibu kwa wasomaji

SWALI: Mama yangu ana miaka 72 na anatumia aina mbili za vidonge vya presha. Amesikia kwamba tahajudi, yaani kukaa kimya na kutuliza mawazo, hushusha presha, sasa anataka kuacha dawa. Nimwambieje?

JIBU: Mwambie aifanye, na dawa aendelee nazo. Tahajudi hushusha ile namba ya juu kwa pointi chache, mara nyingi 4 au 5, na wengine hawaoni badiliko lolote. Mwenye 165 hafiki 130 kwa kukaa kimya. Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia ushahidi mwaka 2017 kikaafiki kuwa inaweza kuongezwa juu ya matibabu ya kawaida, si kuyachukulia nafasi. Tena zipo dawa, kama clonidine, ambazo zikikatwa ghafla presha huruka juu kwa kasi ya kutisha.

Uzeeni mishipa mikubwa hukakamaa, ndiyo maana namba ya juu hupanda huku ya chini ikibaki palepale. Utulivu haulainishi mishipa hiyo. Unachopunguza ni msukumo wa neva unaobana mishipa midogo na kuuendesha moyo mbio.

Akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni. Kukunja miguu chini hakuongezi faida yoyote, magoti tu ndiyo yataumia. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe polepole akihesabu hadi 6. Hapo atapata pumzi 6 kwa dakika. Hewa asiibane. Hesabu hiyo ikimlemea, aanze na 3 kwa 4. Kila anapotoa pumzi ataje kimoyomoyo neno moja fupi, na mawazo yakihama alirudie bila kujilaumu. Wiki ya kwanza dakika 5 zatosha, kisha aongeze taratibu hadi 15 au 20 kila siku.

Wengi huharibu kwa kuvuta pumzi kubwa mno. Hewa ya kaboni hupungua mwilini, kisha huja kizunguzungu na ganzi ya midomo na vidole. Dawa yake ni kuvuta hewa kidogo zaidi, kwa mwendo uleule wa polepole.

Akimaliza asiinuke papo hapo. Achezeshe vifundo vya miguu kwa dakika moja au mbili, ndipo asimame akishika kiti. Kwa mzee anayetumia vidonge vya presha, kuanguka ni hatari ya kweli. Ikiwa ndani ya dakika 3 za kusimama namba ya juu hushuka kwa 20 au zaidi, daktari ajulishwe.

SWALI: Nikipima baada tu ya tahajudi napata 128/76, lakini jioni ni 150/82. Niamini ipi?

JIBU: Zote ni za kweli, mzee wetu, ila ile ya kwanza inaonyesha utulivu wa muda mfupi tu. Pima kabla ya tahajudi, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Kojoa kwanza, kaa dakika 5 bila kuzungumza, mkono uegemee mezani usawa wa moyo, upime mara 2 kwa kupishanisha dakika moja. Siku ya kwanza iache, zilizobaki tafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, 135/85 na kuendelea bado ni presha ya juu. Angalia pia kile kitambaa cha mkononi: kikiwa kidogo kwa mkono mnene, mashine hukupandishia namba.

SWALI: Baba akifika 190/120, tahajudi itamsaidia?

JIBU: Apumzike dakika 5, apimwe tena. Kama ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, upande mmoja umelegea au maneno hayatoki sawasawa, hospitali mara moja, hata kipimo cha pili msikisubiri. Asipokuwa na dalili hizo na namba zikabaki hapo, mpigieni daktari wake siku hiyohiyo, na msimwongezee kidonge kwa kukisia.