Zulia la Kinavajo: usilitie maji, tazama kingo

SWALI: Shikamoo mama. Niko Albuquerque, Marekani, nahudumia wazee majumbani. Bibi mmoja niliyemtunza amefariki, na wanawe wamenipa zulia lake la sufu: jekundu, lina msalaba mweusi na mweupe katikati, kijivu kidogo, na ukingo mweusi. Wanasema baba yake alilinunua Ganado, Arizona, miaka ya 1920, na kwamba ni kazi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku. Pembe moja imeliwa na nondo, na lote linanuka vumbi. Ni la kweli? Nilifueje?
*Mlezi wa wazee*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilifue. Mazulia mengi ya miaka hiyo yalitiwa rangi nyekundu za viwandani, na ukilitia maji, hata ya baridi, wekundu unaweza kuchuja ukaingia kwenye weupe. Likishafika hapo, hata fundi hodari atahangaika.

Sasa litandaze mezani utazame ncha zake mbili, pale urefu unapoanzia na unapoishia. Mfumi wa Kinavajo hutanda uzi mmoja mrefu usiokatwa, juu na chini, kwenye kitanda cha kufumia kilichosimama wima, kisha hufuma mpaka mwisho kabisa; sehemu ya juu hubana sana, akawa anapenyeza uzi kwa sindano. Ndiyo sababu mazulia yao ya kawaida hayana matamvua. Uzi huo uliotandwa, yaani mtande, hugeukia pale pale ukingoni, ukishikwa na kamba nyembamba za sufu zilizosokotwa. Yale yanayofumwa Oaxaca, Mexico, kwa michoro ya Kinavajo hutoka kwenye vitanda vya kukanyaga. Mtande wake hukatwa, kwa hiyo utakuta matamvua, au ncha zilizofichwa ndani kwa sindano. Wafumi wa Oaxaca ni mafundi wa kweli. Kinachoniudhi ni muuzaji anayeipa kazi yao jina la watu wengine.

Kisha tafuta mistari myembamba ya mshazari ndani ya eneo la rangi moja. Mfumi aliyeketi chini humaliza kipande kilicho mbele yake kabla ya kusogea, na vipande vinapokutana hubaki alama. Usipoiona usikate tamaa, si kila zulia linayo.

Hadithi ya familia inaingia akilini. Mfanyabiashara John Lorenzo Hubbell alinunua duka la Ganado mwaka 1878, akawahimiza wafumi watumie nyekundu iliyokolea pamoja na nyeusi, nyeupe na kijivu. Kijivu hicho kitazame kwa karibu: mara nyingi hakikutiwa rangi, ni sufu nyeupe na nyeusi zilizochanwa pamoja kabla ya kusokotwa, na utaona nywele za rangi zote mbili katika uzi mmoja. Mimi hupenda kukitazama kuliko wekundu wenyewe.

Nondo ndio wa haraka. Lifunge kwenye plastiki, utoe hewa, uliweke kwenye friza wiki mbili. Likitoka liache baridi iishe likiwa bado limefungwa, ufungue baadaye. Vumbi livute kwa mashine yenye nguvu ndogo, ukiwa umetandika wavu juu. Lihifadhi kwa kuliviringisha kwenye bomba la karatasi, usilikunje. Ile pembe usiishone kwa uzi wa dukani. Mtafute mtaalamu wa kuhifadhi vitambaa kupitia jumba la makumbusho la huko. Na waombe wale ndugu picha au risiti yoyote ya zamani sasa hivi, kabla hawajamaliza kugawana vitu vya nyumba.