Kusomea utafiti wa uraibu bila kuacha kazi

Dada, umeuliza kama muuguzi wa kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, anaweza kujiendeleza kwenye utafiti wa uraibu huku akiendelea na kazi. Anaweza, ila usianze kwa kusaka chuo. Anza na swali. Wewe ndiye unayekaa dirishani kila asubuhi, mgonjwa anameza dozi mbele ya macho yako. Aliyeanzishiwa rifampisini ya kifua kikuu akirudi na arosto, yaani dalili za kukosa dawa, miayo na kamasi tele, ujue dawa ile inalifanya ini livunje methadoni haraka. Je, hapo kwenu dozi yake ya methadoni hupandishwa baada ya siku ngapi? Hilo tayari ni swali la utafiti, na majibu yamo kwenye rejista.

Usichomoe faili hata moja kabla ya kibali cha maadili, hata kama mganga mfawidhi ni shoga yako. Tafuta mhadhiri MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, akusimamie. Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, uzoefu wanao. Takwimu jifunze jioni, taratibu. Semina za posho na cheti nenda ukipenda, chai huwa nzuri, lakini utafiti hutajifunzia hapo.