Pua kuziba kila Januari Nairobi: kabla ya kulaumu jua, angalia barabara

Pole sana, dadangu. Nimekuelewa hivi: tangu utoke Mombasa ukahamia Syokimau, pembezoni mwa Nairobi, kila Januari pua inaziba, macho yanawasha na chafya hazikuachi hadi mvua inyeshe, na wewe unalilaumu jua. Ukienda kwenu pwani wiki moja, unapona bila dawa. Sasa Juni unasafiri Ujerumani kwa kaka yako, na unatumaini kwamba majira yao ya joto yatakupumzisha na hewa ya huku. Mimi si daktari. Ni mkaazi wa Kitengela mwenye mzio wa pua tangu shule ya msingi, na Mombasa Road naijua kwa kuipumua.

Joto uliache kwanza. Februari Nairobi hufika nyuzi 28 hivi mchana na watu wanalia. Mombasa wakati huo ni 32 au 33, usiku hulali bila feni, na huko ndiko unakopona. Kinachokuumiza huku ni ukavu. Vuli ikishaisha Desemba, kiangazi hukaza mpaka karibu mwisho wa Machi, na sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi na kavu. Ute wa puani ndio unaonasa uchafu kabla haujaenda ndani. Ukikauka, ngozi ya ndani ya pua inabaki wazi na kila kitu kinaichokoza. Pwani upepo unatoka baharini na unyevu wake, halafu vumbi ni kidogo.

Na vumbi la upande wetu si mchezo. Malori ya saruji na kokoto kutoka Athi River, barabara za mtaa zisizo na lami, na ule udongo mweusi ambao masika unang'ang'ania viatu, kiangazi unapasuka na kusagwa na magurudumu mpaka unaelea. Miaka ya ujenzi wa Expressway, ile barabara ya kulipia, kabla haijafunguliwa 2022, ukivaa shati jeupe asubuhi ulikuwa unajua litakavyorudi jioni.

Kitu kilichonisaidia kuliko dawa yoyote ni kutenganisha vumbi na moshi, kwa sababu watu huviweka kapu moja. Vumbi la barabarani sehemu kubwa ni chembe nene. Huishia puani, machoni na kooni: chafya, kamasi, macho mekundu. Moshi wa dizeli na wa takataka zinazochomwa una chembe ndogo sana, zile zinazoitwa PM2.5, ambazo upana wake haufiki hata sehemu ya ishirini ya unywele. Hizo hazinaswi puani. Zinakwenda mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo uchunguze mwili wako: siku ambayo pua ndiyo inayolalamika, ulikula vumbi. Siku ambayo kifua kinabana na unakohoa usiku, tafuta moshi. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake mwaka 2021, likasema wastani wa PM2.5 kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Mtu wa kukaa kwenye foleni ya Mombasa Road asubuhi na jioni hata asijisumbue kuuliza kama tuko hapo.

Mwaka 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli inayouzwa Kenya kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ilikuwa hatua nzuri. Lakini mafuta safi hayafufui injini iliyokufa. Ukiona lori linatema moshi mweusi mbele ya matatu yenu, hapo ndipo pa kufunga dirisha. Gari likipata mwendo, lifungue tena, maana abiria kumi na wanne wakipumuliana kwenye gari lililofungwa, mmoja akiwa na kifua kikuu, hiyo nayo ni shida nyingine. Najua vita vya dirisha kwenye matatu: kuna mama atakwambia unamletea mtoto wake nimonia, na kuna kijana wa nyuma anayetaka upepo. Kaa wewe mwenyewe dirishani, mambo yawe mikononi mwako. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi nene tu. Ile ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, ila iwe imebana uso. Ikiacha mwanya pembeni mwa pua, umejipamba tu.

Ukienda kwenu, treni inaanzia hapo hapo Syokimau na madirisha yake hayafunguki, kwa hiyo unafika na pua yako. Kwa basi, kuanzia Mtito Andei hadi Voi ni ule udongo mwekundu wa Tsavo. Omba tu aliye mbele yako asipende upepo.

Sasa sehemu ambayo nadhani hukuitarajia. Vumbi humchokoza hata asiye na mzio. Macho kuwasha, yaani kuwasha kweli na si kuchoma tu, kunanifanya nihisi una mzio wa kitu maalumu juu ya hilo vumbi. Nilipopimwa, ile ya kudondoshewa matone mkononi na kuchomwa kidogo, ngozi ilivimba kwenye chavua (unga wa maua) ya nyasi na kwenye wadudu wadogo wa vumbi wanaokaa kwenye magodoro. Ndiyo maana mimi Aprili hupumua vizuri, mvua imelaza vumbi, kisha Mei na Juni nyasi zilizoota zikichanua naanza upya. Jacaranda za Oktoba, ambazo kila mtu mjini huzilaumu, hazikuwa na hatia. Chavua yake ni nzito na hubebwa na nyuki, haipeperuki hovyo. Ukienda kupima, uliza mapema siku za kuacha dawa za mzio, kwa kawaida ni karibu wiki nzima, la sivyo majibu yatadanganya na pesa zako zimeenda.

Hapo ndipo Ujerumani inaponitia wasiwasi kidogo. Juni huku ni baridi na mawingu, hewa ya asubuhi inakaa chini kama imefunikwa na sufuria, na moshi wa majiko, wa magari na wa jaa la taka la Dandora unabaki humo humo hadi jua litoke. Hilo utalikimbia. Lakini Juni kule ndio msimu mkali wa chavua ya nyasi. Ya miti ya birch huwa imeshapungua kufikia mwisho wa Mei. Nyasi nyingi zina protini zinazofanana, kwa hiyo aliye na mzio wa nyasi za Nairobi anaweza kuumwa na za Ujerumani vilevile. Jua la mchana nalo hugeuza moshi wa magari kuwa ozoni, ambayo haionekani wala kunusika kirahisi, na huwa mbaya zaidi alasiri. Na wakati mwingine majira ya joto ya nchi za kaskazini huleta makubwa zaidi: Juni 2023 moshi wa misitu iliyowaka Kanada uligeuza anga la New York kuwa rangi ya chungwa. Usiende na imani kwamba hewa ya ughaibuni ni safi kwa sababu tu haina vumbi la mtaa wa Mlolongo.

Wenzetu hao wana faida moja. Idara yao ya hali ya hewa, Deutscher Wetterdienst, hutoa utabiri wa chavua, aina kwa aina na eneo kwa eneo. Mwambie kaka yako akuangalizie kabla hamjapanga matembezi ya mashambani.

Kuhusu dawa, nikwambie ninavyotumia, kisha umuulize daktari. Tembe za mzio, setirizini au loratadini, kabla ya msimu kuchachamaa. Zile tembe za zamani za klorofenirami ni nafuu na zinafanya kazi, lakini zinaleta usingizi. Ukizimeza asubuhi utaamkia steji ambayo si yako. Dawa ya kupuliza puani yenye steroidi ndiyo bora kwa pua inayoziba kila siku, ila haifanyi kazi papo hapo, ianze kama wiki mbili kabla ya kusafiri. Matone ya kuzibua pua haraka yasizidi siku tano hivi, kwa sababu ukiyazoea pua huziba zaidi ukiyaacha. Kuosha pua kwa maji ya chumvi jioni ukitoka kazini ni bei ya chumvi. Maji yawe yamechemshwa na kupoa.

Kwenye ndege, shida huja wakati wa kutua. Pua ikiwa imeziba, hewa haipiti kwenda masikioni na maumivu yake hutoa machozi. Hapo matone ya kuzibua yana maana, nusu saa hivi kabla ndege haijaanza kushuka, na usilale wakati huo. Meza mate, tafuna kitu.

Umeandika habari za pua na macho tu. Je, kifua kinapiga mluzi usiku, au unapanda ngazi za kazini na kupumzika katikati? Kama ndiyo, achana na ushauri wangu wa pua, nenda ukapimwe pumu wiki hii, na usipande ndege bila inhela kwenye mkoba wa mkononi.